Daktari Aliuliza Tulimpa Nini Mtoto, Nikasema Hakuna

Admin, nifichie jina langu na la shule, maana wazazi wa wanafunzi wangu wamejaa humu. Nina miaka thelathini na nne, nimeolewa, naishi Gitega upande wa Mushasha na ninafundisha biolojia. Nilikulia kambi ya wakimbizi Tanzania, tukarudi Burundi nikiwa msichana mkubwa. Nilijaliwa mtoto mmoja tu wa kiume. Alifariki mwaka juzi akiwa na miezi minane. Ninayoyaandika hapa hata mume wangu hayajui.

Mama yangu anaishi Nyarusange na anajulikana kwa dawa za majani. Kule kambini alikuwa na mmea wake wa kikohozi, wenye maua ya njano. Ukisugua jani lake kidogo tu, nyumba nzima inanukia. Tuliporudi aliutafuta sana, mwisho akaupata bondeni karibu na shamba letu. Maua yaleyale, jani lilelile, ila harufu hakuna. Mwanangu alipoanza kukohoa na mama akaja na fungu lake, nilimuuliza kuhusu hiyo harufu. Akaniambia, "Udongo wa huku ni mwingine, mwanangu. Hata maharage ya huku hayana ladha ya kule. Dawa imepungua nguvu, tutaongeza majani tu." Badala ya kiganja kimoja akachemsha viwili. Nilicheka. Mimi mwenye diploma ya biolojia ukutani nilicheka, kisha nikashika kijiko nikamnywesha mwanangu.

Kikohozi kilipoa, tukaona dawa ni kiboko, tukaendelea kumpa ya kumkinga. Kijiko asubuhi, kijiko jioni, wiki baada ya wiki. Tumbo likaanza kuvimba. Tukasema ni minyoo, tukaongeza kijiko cha mchana. Tulipofika hospitali mtoto alikuwa na tumbo gumu na macho ya njano.

Daktari, kijana mpole, alinivuta pembeni. "Madame, ini yake imevimba sana. Kuko dawa ya kienyeji mulimupatia? Uniambie tu, mi sikukasirikii."

Mama alikuwa amesimama nyuma yangu, na chupa ya dawa imo kwenye mkoba wake. Nikaona aibu. Mwalimu wa biolojia aseme mbele ya manesi kwamba amemnywesha mwanawe majani ya bondeni? Nikajibu, "Hapana, daktari. Ananyonya tu." Nilimsikia mama akishusha pumzi. Na alipotoka daktari, tuliendelea kumpa, palepale wodini. Siku ya tisa mwanangu akakata roho mapajani mwa mama.

Upande wa mume wangu walisema ni maziwa yangu, kwamba nilikimbilia kazini mapema. Mama ndiye aliyenitetea, akagombana na ukoo mzima kwa ajili yangu.

Mwaka huu nilikuwa natayarisha somo la ini. Miaka yote nimewaambia wanafunzi kwamba ini ndilo linalotusafishia sumu. Nikachukua kitabu kimoja cha zamani cha Kifaransa kilichopo chumba cha walimu, nikakuta ukurasa kuhusu mimea ya dawa. Kimeandika kwamba ipo mimea yenye kemikali ya jamii ya alkaloidi ambayo ikiwa ndani ya jani haina ubaya mkubwa. Ini lenyewe, likijaribu kuivunja, ndilo linaloigeuza sumu kali. Sumu hiyo inaharibu mishipa midogo ya damu humohumo ndani ya ini, damu inakosa njia ya kutoka, maji yanajaa tumboni. Kuchemsha hakusaidii kitu. Madhara yanajikusanya kidogo kidogo, na wanaoumia haraka ni watoto wachanga. Pembeni palikuwa na picha. Maua ya njano.

Sina ushahidi, hakuna aliyempima. Lakini tangu siku ile sina amani. Mwalimu mwenzangu akikoroga chai, kile kijiko kikigonga kikombe, natoka nje. Somo la ini nimeliruka, na wanafunzi wameshaniuliza, "Madame, mbona tumeruka?" Kila nikienda Nyarusange nateremka bondeni, nachuma jani, nalisugua, nanusa. Naomba Mungu linukie, hata mara moja, ili nijue ulikuwa mmea uleule wa kambini. Halinukii.

Sasa mdogo wangu aliyeolewa Muyinga amejifungua mtoto wa kike. Jumamosi naenda na mama kumwona, na mama atabaki huko mwezi mzima. Fungu la dawa ameshalileta kwangu, liko jikoni, limefungwa kitambaa safi. Naweza kulitupa. Atakwenda bondeni kuchuma lingine, na majirani zake wa Nyarusange nao wana watoto anaowatibu.

Nilimpigia mdogo wangu nikamwambia asimpe mtoto kitu chochote. Akauliza, "Kwa nini, dada? Si hata wewe ulimpa wako?" Nikasingizia mtandao, nikakata simu. Kumbe alimweleza mama. Jana mama alikuja, hakukasirika hata kidogo. Alinishika mkono akasema, "Mwanangu, mdogo wako ana wasiwasi na dawa. Wewe umesoma, wewe atakusikia. Mweleze tu ukweli, kwamba hata daktari alipouliza, ulisema dawa haihusiki." Kumbe ile "hapana" yangu yeye aliielewa hivyo.

Ndugu zangu, mtoto wa Muyinga hatakunywa ile dawa, hilo nimeapa. Lakini mama ana miaka sitini na nane, na alimkumbatia mwanangu mpaka dakika ya mwisho. Nikimwambia ukweli, atajua ni mikono yake, na yangu. Nikinyamaza, ataendelea kuchemsha. Jumamosi tutakaa kiti kimoja cha basi kutoka Gitega mpaka Muyinga. Nianze na neno gani?