Mwanawetu na Jabali la Namkonda

Mimi Biasha ni mtani wa Mwanawetu. Ukoo wetu na ukoo wao wanataniana tangu enzi za mababu. Tukikutana tunatukanana. Wakifiwa wao, sisi ndio tunaochimba kaburi na kuwachekesha wafiwa. Tukifiwa sisi, wanakuja wao. Kwa hiyo nikimsema Mwanawetu hapa, asije mtu kuniambia nina mdomo mchafu. Mdomo huu nimepewa na mila.

Mwanawetu ni mwanamke wa huku kwetu Ruponda, mfupi, mbishi, magoti yamempinda kwa kulima. Alizaa watoto saba, wakabaki wanne. Mumewe alipofariki alimwachia mikorosho na shamba la ufuta, na ufuta wake ndio msafi kuliko wote unaopelekwa sokoni Nachingwea. Hilo nalikubali shingo upande. Mambo yote atakusimulia, hata yasiyokuhusu, ila moja tu hakuwa analitaja, nalo ni mama yake.

Wenyewe tulijua. Wakati wa vita vya Majimaji, askari walipochoma maghala yetu, watu walikimbilia Namkonda, mlima wa mawe ulio njia ya kwenda Ruangwa. Huko juu mama yake akavunjika mguu. Chakula kilipokaribia kwisha, akampa binti yake gao la mwisho la mtama, akamwambia ashuke na wenzake wala asigeuke nyuma. Mwanawetu alikuwa na miaka kumi na miwili. Alishuka, na hakugeuka. Mama yule alikufa lini na akalala wapi, hakuna aliyesema.

Miaka mingi pori lilituficha mlima ule. Kisha wakaja Wazungu wa karanga na matrekta yao, wakang'oa miti mpaka upeo wa macho. Karanga zenyewe hazikuwafikisha mbali, wakaondoka, lakini Namkonda ukabaki wazi. Mwanawetu akifungua mlango wa uani asubuhi, mlima huo hapo. Aliniambia siku moja kwamba amehamisha mafiga yake ili apike akiwa ameupa mgongo.

Mwaka 1956, ufuta ulipokwisha kuvunwa, akatangaza kwamba atapanda kumtafuta mama yake, akizike hata kifupa kimoja kitakachokuwa kimesalia, kabla na yeye hajazikwa. Mwanawe Abdulatifu, aliyekuwa akifanya kazi stesheni ya reli, alikuja mbio akamfichia mkongojo. Mwalimu wa madrasa naye akaja, akamweleza kwa upole kwamba dua hufika popote, aisome hapo hapo nyumbani. Mwanawetu akawaitikia wote wawili, akawapikia wali wakala wakashiba, akawaaga. Kisha akaja kwangu. Alisema anataka mtu wa kwenda naye ambaye hatamwonea huruma. Nikamwambia amefika penyewe, na kwamba akianguka nitamzika vizuri na wali wa msiba nitaula mimi.

Tulitoka alfajiri ya siku ya pili yake, vikongwe wawili, na unga kidogo, kibuyu cha maji na kamba ya magome ya miombo niliyoisokota mwenyewe. Mwanzoni ni mwinuko wa kawaida, nyasi na mawe madogo. Nilimtania njia nzima nikimuuliza kama anapanda mlima au anatafuta sindano. Yeye akanijibu kwamba pumzi zangu zinawaamsha nyani. Tulikuwa na raha, nakiri.

Baadaye kidogo tukafika kwenye jabali lenyewe. Ni jiwe tupu, linateleza, limepasuka katikati, na ule ufa ndio njia. Unapachika mguu ndani, unavuta mwili, chini yako hakuna kitu. Nikatangulia mimi, nikaifunga kamba kwenye mti uliojiotea juu ya mwamba, nikamrushia ncha. Akaja vizuri mpaka katikati. Hapo akatazama chini, akaganda. Nikamwita kwa jina. Nikamtania, hacheki. Nikajua akikaa pale kidogo tu vidole vitamwachia, na mimi sina nguvu za kumvuta.

Ndipo nikasema lile ambalo hakuna mtu aliyelisema kwa miaka hamsini, na ambalo mtani peke yake anaweza kulisema.

"Mwanawetu, ulimwacha mama yako hapa ukakimbia. Leo pia utamkimbia?"

Alininyanyulia uso, wallahi nikaogopa. Macho yalimwiva. Akaikamata kamba na kupanda ufa ule kwa hasira tupu, akafika juu, akanizaba kofi. Halafu akaketi akalia, na mimi nikaketi nikalia, shavu linawaka.

Pango halikuwa mbali. Tuliingia tukiinama, yeye mbele. Nilitegemea tutaokota mifupa iliyotawanywa na fisi. Hapakuwa na mfupa. Palikuwa na kaburi, mawe yamepangwa vizuri, na upande wa kichwani chungu kimepinduliwa, kimetobolewa kitako kama tunavyofanya kwetu.

Nikakigusa kile chungu. Ukingoni kilikuwa na alama tatu za ukucha. Marehemu mama yangu alikuwa mfinyanzi, na kila chungu chake alikitia alama hiyo.

Nikakumbuka. Mwaka ule wa vita mama alituacha kwa shangazi siku tatu, akarudi mikono imechubuka, hatukuambiwa alikokwenda. Kwetu mtani aliyezika hatangulii kusema. Hungoja wafiwa waje wamuulize, ndipo awaonyeshe kaburi na apewe nguo. Akisema mwenyewe, ni kama anaomba. Mama alingoja. Kwa zaidi ya miaka arobaini aliishi nyumba ya tatu kutoka kwa Mwanawetu, wakisalimiana kila siku, akingoja swali lile mpaka akafariki mwaka 1953. Na Mwanawetu hakuuliza, maana aliona haya kwamba alishuka, tena aliogopa sisi watani tutamcheka. Nilimkasirikia mama, nikamkasirikia na Mwanawetu. Kisha hasira ikaniishia, nikabaki kumshukuru Mungu aliyenipa mama wa namna ile.

Nilimweleza yote. Mwanawetu alipiga magoti, akamwaga unga, akasoma Fatiha, akaweka kiganja juu ya mawe.

"Kumbe ulizikwa, mama," alisema. "Kumbe kuna mtu alirudi."

Alishukuru kwa muda mrefu, akimtaja mama yake, halafu akimtaja wangu. Alipomaliza akavua kanga yake mpya ya mabegani, akanipa kwa mikono miwili. Nilitaka kukataa, lakini mtani hakatai haki ya kaburi, na anayeipokea kwa niaba ya marehemu husimama mahali pa marehemu. Nikaivaa. Tukashuka kwa makalio, polepole, tukashikana mikono palipowezekana.

Tangu siku ile Mwanawetu, aliyenizidi miaka miwili, akipita mlangoni kwangu husimama, hukunja goti na kuniambia, "Shikamoo, mama." Nami mtani wake, mwenye mdomo wangu huu, natafuta tusi la kumjibu silipati.