Vyungu Vitatu vya Mama Mkwe

Usiku ule mvua haikunyesha, lakini nilisikia harufu ya udongo uliolowa ndani ya nyumba yangu. Niko sebuleni, karibu na mlango. Kwenye kiti cha mke wangu Hilda, mbele ya meza yenye karatasi zake, ameketi mama yake, ambaye tulimzika kabla ya mavuno.

Nilishtuka, si kwa sababu amekufa. Nilishtuka kwa sababu yumo ndani kwangu. Kwetu mwanamume na mama mkwe wake hawakai chumba kimoja, wala hawatazamani usoni. Alipokuwa hai, akija kumwona Hilda mimi hukimbilia zizini, naye hucheka huko jikoni akisema ng'ombe wa nyumba hii wanatembelewa kuliko wagonjwa. Sasa sina pa kukimbilia. Nikageukia ukuta, nikamwamkia. Akaitikia, na kwa jinsi sauti ilivyokuja nikajua naye amenipa mgongo.

Nilijua kilichomleta. Hilda alikuwa akiandika tasnifu yake ya uzamivu kuhusu wafinyanzi wa kwao, na mengi aliyoyaandika aliyapata kwa mama yake. Ilibaki sura ya mwisho, ya kuchoma vyungu. Walipanga wachome pamoja, mama akielekeza na yeye akiandika. Mama akafariki, vikabaki vyungu vitatu vibichi juu ya dari, vya mkono wake. Msimamizi akasema bila sura hiyo kazi haisimami. Hilda akasema hathubutu. Vikipasuka mbele yake, kazi ya mwisho ya mama yake itakuwa imeishia kuwa vigae. Alikuwa ameamua Jumatatu aende chuoni akaseme kwamba anaacha, baada ya miaka yote ile.

Ukuta niliougeukia ukawa ukingo wa mto, pale wanapochimba udongo. Mama mkwe anatangulia, mimi nafuata, macho yangu yako kwenye visigino vyake vyenye nyufa. Nataka kumwuliza kama kifua bado kinamsumbua, ulimi hauinuki. Kisha mto haupo. Tumo katika ukumbi wenye meza ndefu, na watu waliovaa majoho wanamtazama Hilda. Vyungu vitatu viko mbele yao, bado vibichi. Mmoja wao anainua birika, anamimina maji katika cha kwanza. Chungu kinalegea, kinainama kama mtu aliyeshikwa na usingizi, kinarudi kuwa tope, na tope linatambaa juu ya karatasi. Wanamimina katika cha pili. Nanyoosha mkono nimzuie yule mtu, mkono haufiki.

"Mwambie avichome," mama mkwe akasema nyuma yangu.

Sikugeuka. Nikamwuliza kwa nini asimwendee mwanawe mwenyewe.

"Nikimwendea atalia tu. Hatasikia."

"Na vikipasuka, mama?"

Birika limeshainamishwa juu ya chungu cha tatu.

"Vyangu vya kwanza vilipasuka vyote. Kikipasuka, aandike kimepasuka."

Nikaamka. Kulikuwa kumekucha, na ilikuwa Jumatatu. Hilda alikwisha kuvaa, mkoba uko begani. Nikamweleza kabla hajatoka, yote, hata mkono wangu ulivyokataa kufika. Alisikiliza akiwa amesimama, ameshika komeo la mlango. Nilipomaliza aliuliza jambo moja.

"Alikutazama?"

"Hapana. Alinipa mgongo mpaka mwisho."

Akaliachia komeo.

"Basi ni yeye," alisema. Akaweka mkoba juu ya kile kiti, akaniuliza kama kuni za nyuma ya zizi zimekauka.