Dirisha la Chumbani kwa Mama

Wezi walipoingia kwa jirani yetu hapa Mbezi Luis, mlango hawakuugusa. Walichomoa vioo vya dirisha kimoja kimoja, wakavipanga vizuri chini ya ukuta, wakang'oa na wavu. Jirani, mwalimu mstaafu anayeishi peke yake, alikuwa amelala chumba kile kile. Aliponionyesha vile vioo asubuhi, hakuna hata kimoja kilichovunjika.

Mie naishi na mama, ambaye miguu yake siku hizi haina nguvu. Dirisha la chumbani kwake ni la namna ile ile. Wiki hiyo nikaanza kuulizia bei.

Fundi wa aluminiamu kutoka Vingunguti alisema hawezi kutaja bei bila kupima. Akaja, akamwamkia mama shikamoo, akapima chumba hadi chumba. Alipofika kitandani kwa mama akauliza, "Mko wawili tu, dada?"

"Kaka zangu wako kazini," nikajibu.

Alipoondoka, mama akaniuliza, "Kaka gani hao?"

Pengine yule fundi aliuliza tu. Lakini sasa alikuwa anajua kila dirisha letu na upana wake, na bei yake ilikuwa kubwa kuliko tulivyoweza. Seremala wa hapa mtaani alitaka nusu yake kwa madirisha ya mbao, ila ukiyafunga, chumba kinakuwa tanuri. Aliyekuwa nafuu kuliko wote ni fundi wa kuchomelea: nondo nene, zinazofungwa moja kwa moja ukutani. Huyo nilimpelekea vipimo mwenyewe, asiingie ndani.

Nikamwambia mama nimeamua nondo. Akasema, "Moto ukiwaka, nitatokea wapi?"

Akanisimulia jambo ambalo nilikuwa sijawahi kulisikia. Alipokuwa msichana, kule Temeke, nyumba ya pili kutoka kwao iliungua mchana. Mlangoni hapakupitika, na ndani mlikuwa na mtu. Watu walivuta nondo za dirisha kwa mikono mpaka zikawa za moto, wakaachia. "Tulikuwa tunamwona," mama akasema.

Basi nikawa na hofu mbili, na kila dawa ya moja inaongeza nyingine. Nilirudi kwa fundi wa kuchomelea nikamwomba nondo zenye kimlango kinachofunguka kwa ndani, kwa kufuli. Bei ikapanda. Tukakubaliana aanze na chumba cha mama, vingine vingoje.

Alipomaliza kufunga, nilimwambia mama ajaribu. Ufunguo ukamdondoka. Akajaribu tena, ukagoma. Nilisimama nje ya dirisha nikimtazama kupitia zile nondo, nikijizuia kusema haraka, mama. Mwishowe kufuli likafyatuka.

Tukabishana ufunguo ukae wapi. Karibu na dirisha, mwizi anauvuta kwa waya. Mbali, mama haufikii. Akaufunga kwenye pindo la kanga yake, akasema hapo hapo utakaa.

Kila siku nikiwa kazini humpigia simu. Kabla hata ya kumuuliza kama amekula, namuuliza ufunguo uko wapi.

"Ninao," hujibu, na mie husubiri kidogo nisikie anaupapasa.