Viatu vya Kanisani

Tarehe kumi na moja mwezi wa sita, Jumanne, saa moja asubuhi, mume wangu alifia bombani, hapa hapa uani kwetu Kiwalani, mswaki ukiwa mdomoni. Ijumaa yake alikuwa aende akapimwe moyo. Alitakiwa awe amepimwa siku nyingi kabla, na aliyesababisha asipimwe ni mimi.

Kifua kilikuwa kinambana tangu Pasaka. Akipanda ngazi za stoo, kiwandani kwao Chang'ombe, anasimama katikati na kujifanya anatafuta funguo mfukoni. Daktari akamwandikia kipimo cha kutembea juu ya mashine: mkanda unakimbia chini ya miguu, wenyewe wanaangalia moyo unavyopiga. Nesi akamwambia siku hiyo aje na raba. Alinieleza jioni ile ile, akazivuta uvunguni. Za mtumba, soli moja imeshonwa kwa uzi wa kijani.

"Na hizo ndizo uende nazo hospitali kubwa?" nikamwambia. "Watasema huna mke."

"Nesi amesema raba."

"Nesi hajaziona hizo."

Nikampigia kiwi viatu vya kanisani. Kwetu bara nilikokulia, mtu akienda kwa daktari anavaa kama anakwenda kubatizwa, ili asisemeshwe ovyo. Akavaa. Hakuwa mtu wa kubishana, na mimi hilo nilikuwa nalijua vizuri.

Tulikaa kwenye benchi tangu alfajiri. Alipoitwa, nesi akamtazama miguuni.

"Mzee, umekuja kupima au kufunga ndoa?"

Benchi zima likacheka. Mume wangu naye akacheka, kwa adabu. Nikasema basi atembee peku. Nesi akasema peku hapana, akianguka nani atajibu? Kulikuwa na baba mmoja ameshapimwa, anasubiri majibu, nikamwomba amwazime zake dakika chache tu. Akairudisha miguu chini ya benchi.

"Na fangasi je, dada?"

Wakacheka tena. Tukapewa tarehe nyingine, ya mbali.

Njiani sikumwomba radhi. Nilimsema mpaka mlangoni. "Si ungekaza? Wewe mwanaume gani unavalishwa viatu na mke?"

"Nimechoka, mama watoto," alisema, akaingia kulala.

Kesho yake aliziweka raba karibu na mlango, mahali pa kuonekana. Kila asubuhi nilizivuka nikienda kufagia. Hakuwahi kunitajia tena. Siku anafariki zilikuwa hapo.

Alhamisi turubai lilikuwa limeshafungwa, tunasubiri ndugu wa bara wafike tuzike. Wifi yangu akanifuata chumbani kuuliza kaka yake avalishwe viatu gani. Nikampa vile vya ngozi. Raba nilizifikiria, ila niliona aibu, watu wangeuona ule uzi.

Wifi akaomba kiwi. Alikuwa anavipiga kiwi pale pale kitandani wakati simu ya marehemu ilipoita. Nikapokea.

"Habari yako, mama. Napiga kutoka hospitali. Namkumbusha mzee, kesho saa mbili asubuhi. Na safari hii aje na raba, jamani. Anazo?"

"Anazo," nikamjibu.

Akashukuru, akakata simu.