Jiwe Lililokaa Shavuni

Mwanangu anayesoma Ugiriki ndiye aliyenitoa Bariadi mpaka Athene. Siku ya tatu akanipandisha basi la watalii, safari ya nusu siku, kwenda kuona hekalu la watu wa kale lililo juu ya mwamba kando ya bahari. Asubuhi mnakwenda, saa nane mmesharudi mjini. Nguzo nyeupe, nyingine zimekatika, paa hakuna. Nikamwuliza mwanangu kama ndicho tulichofuata, akacheka. Mimi niliishia darasa la nne, nimejenga nyumba yangu pale kwetu Somanda kwa jasho la kuuza mpunga, na paa ninalo. Sisifii kitu kwa sababu wengine wanakipiga picha.

Mara mlinzi akapuliza filimbi. Katoto ka kizungu kalikuwa kameokota kijiwe. Yule mama mlinzi akakifungua kiganja, akatoa kijiwe, akakirudisha chini taratibu kama anayerudisha yai kwenye kiota. Watu waliona ni kichekesho. Mimi nikakaa chini.

Ndugu yangu, nami niliwahi kwenda safari ya nusu siku ya namna hiyo. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Ulikuwa msimu wa kwanza wa wanunuzi binafsi. Kabla ya hapo pamba yetu ilikwenda kwenye chama cha ushirika, ukimjua karani na karani akikujua. Msimu ule wakaja watu wa malori, kila mmoja na mizani yake ya kuning'iniza, na mizani zile zilikuwa na njaa. Gunia ulilolibeba mgongo ukalia, kwao lilikuwa jepesi. Wakulima nao wakajibu. Wengine walinyunyizia pamba maji, wengine mchanga. Baba alikuwa anasema, "Mnunuzi ana mizani yake, na mimi nina yangu," huku anasindilia gunia kwa miguu. Bibi alikuwa akisikia hivyo anatoka nje.

Kaka yangu mkubwa alikuwa amepata kibarua kwenye kiwanda cha kuchambulia pamba cha mmoja wa wanunuzi hao. Kazi yake ilikuwa kulisha mashine pamba kwa mikono. Msimu ukiisha aoe. Baba alishatenga ng'ombe. Tulijivuna naye. Bibi peke yake hakupenda. Alisema mashine ile inakula usiku na mchana na hakuna aliyewahi kuiona ikishiba.

Ndipo akaamua kwenda kumwombea kaka kwenye mawe ya mtemi wa zamani. Akanichukua mimi, aliyekuwa akiniita mayu, yaani mama, kwa kuwa nilirithi jina la mama yake. Tulitoka alfajiri, mimi na unga wa mtama kichwani, yeye na kibuyu cha pombe. Njiani tulikula matobolwa, viazi vitamu vya kuchemsha na kuanika, yaliyokauka mpaka yanalia mdomoni. Jua lilipopanda tukafika kilimani. Mawe makubwa yalisimama duara, katikati madogo meupe yenye mshipa mwekundu. Hakuna ndege aliyelia. Ng'ombe waliokuwa wanachungwa chini hawakupanda hata kidogo, ingawa juu majani yalikuwa mabichi.

Bibi akavua viatu, akamwaga unga na pombe, akataja jina la kaka na mkono wake wa kulia. Nilimsikia vizuri: aliuombea mkono. Alipomaliza akatukung'uta. Alikung'uta kanga yake, gauni langu, kikapu, nyayo zetu, hata akapitisha vidole kwenye nywele zangu. "Hata vumbi la wenye mahali hapa tunawaachia, mayu," akasema.

Ila mdomoni hakutazama. Kijiwe kimoja, ukubwa wa yai la njiwa, kilikuwa shavuni mwangu. Kwetu ni mbuga, udongo mweusi mtupu. Jiwe zuri la kuchezea mdako ulikuwa hulipati. Njia nzima nilitembea na ladha ya chumvi na chuma. Tukisalimiwa "Mwangaluka," bibi anaitika, mimi naguna. Akafurahi. Akasema kumbe mjukuu wake ana adabu, ametoka mahali pale na bado amenyamaza. Nami nikazidi kunyamaza.

Nyumbani baba alikuwa juu ya gunia. Nikamwonyesha kijiwe, nikitaka anisifu. Akakirusha juu, akakidaka. "Hiki kitapunguza njaa ya mizani," akasema, akakizamisha katikati ya pamba. Nililia kwa ajili ya mdako wangu. Baba akaniambia jiwe ni jiwe, nitaokota jingine.

Hazikupita wiki mbili kiwanda kikashika moto. Jiwe lililokuwa ndani ya pamba liligonga chuma, likatoa cheche, na pamba unaijua. Kaka alitumbukiza mkono kuvuta pamba iliyowaka. Alirudi nyumbani mkono umefungwa mpaka kwenye kiwiko, vidole viwili havipo. Wenye binti wakatuma mtu kusema mwanamume wa kulima kwa mkono mmoja hawamtaki.

Kwa mkono uliobaki alitoa kitambaa mfukoni, akakifungua mbele ya bibi. Ndani mlikuwa na kijiwe ambacho wenzake walikipata kwenye majivu. Kilikuwa kimeungua, lakini mshipa mwekundu ulionekana.

"Hiki ndicho kilichonila," kaka akasema.

Bibi alikitazama, kisha akanigeukia mimi.

"Kumbe ndiyo maana ulikuwa kimya, mayu."

Kaka akamtazama, akanitazama. Baba aliinuka akaenda kwa ng'ombe. Kesho yake bibi alikirudisha kijiwe peke yake, na mpaka anakufa hakunichukua tena popote.

Sasa bibi hayupo, baba hayupo, kiwanda kimebaki kuta. Hata kile kilima hakipo. Kimevunjwa kokoto, lori baada ya lori, na hakuna aliyepuliza filimbi. Ulikuwa mwaka uleule nilioanza kujenga. Kokoto za msingi nilinunua malori manne kwa bei nzuri. Dereva hakusema zimetoka wapi, nami sikumwuliza.

Kaka ni mzee sasa, hakuoa. Hunitembelea kila Jumapili, tunakula, tunacheka ya zamani. Nyumba anaisifu. Lakini akishanyanyuka kuondoka, husimama langoni, akakung'uta suruali, shati, kofia, na nyayo moja moja, kwa ule mkono wenye vidole vitatu. Mimi hukaa kibarazani, kimya, nikimtazama mpaka amalize.