Fainali Isiyochezwa

Ukumbi wetu wa jujitsu pale Ilomba ulikuwa ghala la viazi kabla haujawa wetu, na viazi havikuwahi kuhama kabisa. Ukilala chali mtu akakukalia tumboni, pua inapokea kwanza harufu ya kiazi kilichooza, kisha ya miguu, kisha ya turubai lililofunika magodoro ya mazoezi, ambalo lilipigwa deki siku ya wageni tu. Mbeya wakati wa mvua nguo hazikauki. Wanaume walikuja na makoti yao mazito yakiwa mabichi tangu mazoezi yaliyopita, wakayavaa hivyohivyo, wakakukumbatia nayo. Nimewahi kutoka mle nikatapika mtaroni, nami siumwi chochote.

Kocha alikuwa kinyaa cha peke yake. Mkanda wake wa zambarau hakuwahi kuufua, kwa kuwa aliamini ukiufua mkanda unamwaga maarifa yote uliyoyatolea jasho. Ulikakamaa kama ngozi iliyosahaulika juani. Alipotuhubiria habari za heshima, na alihubiri kila siku, alichukua ncha ya mkanda huohuo akajifutia uso, halafu akaendelea kuhubiri. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nimefuta makamasi ya watoto wa watu miaka mingi, lakini pale nilikuwa naangalia ukutani.

Watu wananiuliza kwa nini sikuacha. Sikuacha kwa sababu ya mwanamke mmoja. Wanawake tulikuwa wawili tu, mimi na yeye, msusi wa nywele aliyetokea Igowole. Mchezo wenyewe ni mzuri, tatizo ni watu. Hakuna ngumi wala teke. Unamwangusha mwenzako, unambana chini, unamkaba shingo au unampinda mkono mpaka apige kofi kwenye mkeka, na kofi hilo maana yake yametosha, niachie. Mwanzoni nilimkaba nilivyotaka. Kisha vidole vile vya kusukia vikazoea kola ya koti, na vikishika haviachii. Ikafika mahali sijui tena nani kati yetu ni mkali. Nilipenda kutojua huko. Mle ndani ndicho kitu pekee kilichokuwa safi.

Yeye alikuwa na la kwake. Mama yake, mkulima wa Igowole na mwanakwaya wa Kilutheri, aliambiwa na watu baada ya ibada kwamba bintiye huko Mbeya anagaragazwa sakafuni na wanaume, kwa zamu. Tangu hapo akawa hapokei simu za bintiye. Kwa hiyo yalipotangazwa mashindano Iringa, msusi alimtuma kaka yake akambembeleze mama aje ajionee.

"Mi medali siitaki, dada," aliniambia huku ananisuka. "Nataka mama anione napigana na mwanamke mwenzangu, refa yupo, watu wanapiga makofi. Akiona hivyo tu, yameisha."

Iringa wanawake tulikuwa wanne wote kwa wote. Asubuhi yeye alimkaba mwanafunzi mmoja wa chuo mpaka binti wa watu akapiga kofi, nami nilishinda yangu kwa pointi, vibaya vibaya. Mama hakuwa amefika. Basi lilichelewa Mafinga. Msusi alikuwa anatazama mlango kuliko anavyotazama mkeka. Lakini tulifurahi. Fainali ilikuwa yetu sisi wawili, na mama akija ataikuta.

Alifika mchana, sweta juu ya kitenge, kofia ya sufu kichwani. Akaketi benchi la mbele, mkoba magotini, akiwatazama wale wanaume wenye makoti kama anavyotazamwa mwizi sokoni. Nikaenda kumsalimia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ni wewe ndo unapigana na mwanangu?"

"Ndiyo, mama."

"Usimuumize."

"Labda yeye aniumize mimi."

Akacheka kidogo. Nikaona msusi, kule aliko, ameshusha mabega.

Ndipo kocha akatuita pembeni. Akasema watu wa ukumbi mmoja ni nyumba moja, hawapigani fainali. Ndiyo mila ya mchezo, hata huko ulikozaliwa wanafanya hivyo: mwenye mkanda wa zamani anapewa dhahabu, mdogo anachukua fedha, heshima ya nyumba inabaki. Mkanda wangu ulitangulia. Dhahabu ilikuwa yangu.

"Kocha, mama yake amesafiri kuja kuona," nikasema.

"Kwani mama yake ndo refa? Dhahabu imeshaenda Mbeya. Mnataka nini tena?"

Akajifuta uso na ile ncha.

Nilimwambia siitaki dhahabu ya kupewa, nataka kupigana, na kama nitakabwa nikabwe. Nilisema kwa sauti, watu wakageuka. Akanijibu kwamba asiye na heshima hana nafasi kwenye ukumbi wake, wala yeye wala rafiki yake. Nikaenda kwa refa. Refa akainua mabega. Kocha wa wachezaji wote wawili akishaamua, yeye hana mechi ya kuchezesha. Msusi akanivuta mkono wa koti.

"Dada, acha. Tutakosa hata pa kufanyia mazoezi."

Tukaingia mkekani. Refa akasimama katikati, akaushika mkono wangu, akauinua. Basi. Ukumbi mzima ukapiga makofi, na wengine walisimama kabisa, wanaiheshimu ile heshima. Jasho la watu, ukienda nyumbani unaoga linatoka. Ile dhahabu nilivishwa shingoni na nikapigwa nayo picha.

Nilishuka nikaenda kwa mama. Vijana walishaanza kukunja mikeka, naye alikuwa amejiegemeza mbele, mkoba ameukumbatia, anasubiri. Mmoja akamwomba anyanyue miguu afagie, akainyanyua, akairudisha.

"Mbona wanakunja?" akaniuliza. "Nyie si bado?"

"Imeisha, mama."

"Imeisha saa ngapi? Nimeletwa kutoka Igowole kuona nini sasa?"

Lakini alishaacha kunitazama, anaangalia nyuma yangu. Nikageuka. Kocha alikuwa amemnyanyua msusi juu kwa ajili ya picha, amemzungushia mikono kiunoni, shavu lake lililolowa kalibandika shingoni kwa binti, na wanaume wamewazunguka wanapiga makofi. Msusi alikuwa anahangaika miguu ishuke chini. Alikuwa anapiga kofi begani kwa kocha, kofi la yametosha, niachie, na hakuna hata mmoja wetu aliyelijali.

"Basi," mama akasema, anainuka na mkoba wake. "Nimeona."