Maziwa ya Kariaria

Mpaka leo nikisikia mfereji umeachwa ukimwagika kwa nguvu, mwili hunisisimka. Hunirudisha uani kwetu Lanet, nikiwa darasa la tatu, mama ameshika kichwa cha baba chini ya maji, na baba, mtu mzima, analia kama mtoto.

Tulikuwa tumehamia nyumba hiyo majuzi tu. Nyuma ya tangi, wapangaji waliotutangulia waliacha chungu kilichovunjika ukingo, na ndani yake mti wa ajabu: shina nene, limepinda kama mgongo wa ajuza, ilhali kimo chake hakikunifika gotini. Ulikuwa umefungwa nyaya zilizozama kwenye matawi. Majani hayakuwepo, vijiti tu vyembamba kama penseli. Mama alisema umekufa, tuutupe. Baba akasema kitu cha kijani hakijafa.

Baba alikuwa fundi cherehani mjini Nakuru, mtu wa kufumua mshono mzima kwa sababu ya kosa ambalo mwenye nguo mwenyewe hakuliona. Jumapili moja baada ya kanisa alikaa na ule mti mapajani, akaanza kuukata nyaya kwa koleo, mimi nimechuchumaa kando. Aliniambia kwamba aliyeufunga hivyo alitaka ubaki mdogo na wa kupendeza, kisha akausahau. Waya mmoja ukakatika pamoja na tawi. Maziwa meupe ya mti yakamrukia mkononi na usoni. Akajipangusa uso kwa mkono uleule, na hapo nikasikia sauti ambayo sikujua baba anayo.

Mama alikuja mbio. Alipoona yale maziwa yakidondoka alisimama ghafla, uso umembadilika. Yeye alizaliwa kule Bahati, kwenye shamba lililozungushiwa ua wa mmea huohuo, mrefu kuliko nyumba. Kwa udogo ule hakuutambua. Tangu utotoni waliambiwa kariaria, yaani mnyaa, haichezewi, kwa kuwa maziwa yake hupofusha.

"Hii ni kariaria," alisema. "Baba Njeri, usijipanguse tena."

Daktari alimfunga macho yote mawili, akasema tungoje. Tuliporudi nyumbani mama alichukua jembe, akaelekea kwenye chungu. Baba alisikia hatua zake.

"Wacha mti," alisema. "Haukunifuata. Mimi ndiye niliyeufuata."

Nilishangaa, kwa maana nilitaka ukatwekatwe. Badala yake, mimi ndiye niliyetumwa kuleta kokoto na mchanga, kuubadilishia udongo, kuunyima maji mpaka udongo ukauke kabisa, na kunawa mikono kila mara. Kidonda cha mti kilipokauka baba aliupapasa taratibu, akiniuliza tawi hili limeelekea wapi, lile lina rangi gani. Kisha akaomba sindano na kitambaa. Alitafuta pindo kwa vidole, akajidunga, akaendelea kushona. Nikaona ni mchezo mtamu. Nikafumba macho yangu nami, tukashindana, nikacheka sana.

Bandeji zilipotolewa aliona. Jicho la kushoto lilibaki na ukungu, lakini la kulia lilitosha kutunga uzi. Mti nao ukachipuka vijiti vipya.

Nilikuwa mkubwa, nina watoto wangu wa kulisha, ndipo nilipoelewa, nikashtuka upya kana kwamba ni jana. Baba hakuwa akicheza nami. Alikuwa akijaribu kuona kama vidole pekee vingeweza kutulisha.